Joto la Nne

Amisakrom, Ekumfi,
Jumatatu, tarehe 4 Agosti, 1958.

Kaka yangu mpendwa Ekow,

Naapa kwamba katika barua hii nitakueleza kila kitu, hata yale ambayo ningependa yapite bila kuandikwa, na nitayaeleza kwa mpangilio yalivyotokea. Nimechomoa karatasi nane katikati ya daftari langu la insha, pale zinapotoka mbili mbili bila kulilegeza daftari, na zikiisha nitachomoa nyingine.

Kwanza nikuulize hali. U mzima? Magoti je? Chakula cha hiyo kambi ya michezo sasa kinashuka, au bado unakitazama tu kama ulivyoandika mwezi uliopita, viazi asubuhi na viazi jioni? Sisi huku hatujambo. Nana anaumwa mguu wa kushoto kama kila msimu wa mvua, lakini haukumzuia kufanya lolote, kama utakavyoona. Baba na Mama wameandika kutoka Sekondi kwamba reli imewapa nyumba ya vyumba viwili, na jikoni mna bomba. Mbuzi wako mweusi amezaa pacha. Nana amekwisha kuwapa majina, ila hilo litakuja mahali pake.

Kadi yako yenye picha ya ngome ilifika juzi Jumamosi. Nimeisoma na kuificha ndani ya Biblia, katika Kitabu cha Hesabu, ambacho hakuna mtu wa nyumba hii anayekifungua. Nitaijibu, lakini si sasa, kwa sababu ukisoma jibu kabla ya habari hutalielewa.

Nianze na Ijumaa ya ufunguzi wa michezo yenu huko ng'ambo. Bwana Dontoh aliitoa redio yake dukani na kuiweka nje juu ya kasha la sabuni, na akatangaza kwamba betri imechoka, hivyo tutasikiliza taarifa moja tu kila siku, ile ya jioni kutoka London. Taarifa ya lugha yetu ilikuwa imesema tu kwamba timu imefika salama, na watu walitaka zaidi ya usalama. Ikabidi atafutwe mkalimani. Walimu wote walikuwa wamezama kwenye kusahihisha mitihani. Bwana Dontoh mwenyewe anakijua Kiingereza cha mizigo, yaani magunia, dazeni na kuchelewa kwa meli, na alikiri hivyo mbele ya watu. Ndipo Nana aliposema kwamba ana mjukuu wa kike ambaye ni wa kwanza darasani kwa Kiingereza, na kwamba kama huyo hatoshi, basi fedha ya misheni imepotea. Nikasimamishwa juu ya kasha la pili.

Nilitafsiri majina ya nchi zilizoingia uwanjani. Msomaji wa taarifa alipotaja Ghana, kwa jina letu wenyewe na si lile tulilopewa, watu walisogea mpaka wakasimama chini ya mvua iliyobaki ikidondoka kutoka kwenye paa la duka. Egya Aboum, mshona bendera wa Kikosi cha Pili, kikosi chetu cha ngoma na bendera hapa mjini, aliteremsha nguo yake begani, kama afanyavyo mtu mbele ya chifu. Wanaume wengine wakamwona, nao wakateremsha zao. Walikuwa wanaliteremshia kasha la sabuni, lakini hakuna aliyecheka.

Ila Maame Tsetsewa hakuweza kukaa kimya. Unamjua, mwanamke wa Kikosi cha Kwanza, mahasimu wetu, hata usingizini. Aliweka chini sinia lake la madonge ya kenkei ya mahindi na samaki, akasema kwamba bila shaka tumewekwa nyuma ya wote, maana sisi ndio wageni. Nana akamwambia kwamba wanatembea kwa mpangilio wa herufi, na herufi yetu iko mbele. Maame Tsetsewa akamuuliza tangu lini yeye anaijua herufi hiyo. Nana akajibu kwamba haijui hata ikimpiga kofi, lakini mimi, Araba wake, nimemwambia kuwa iko mbali sana mbele ya ile ya jina la Tsetsewa. Siku hiyo alinunua kenkei mbili kwake, bila kuomba nyongeza ya pilipili, ili mambo yasiharibike kabisa.

Sasa Jumanne. Nataka uelewe jinsi ilivyokuwa, kaka, kwa hiyo nitaandika polepole.

Umati ulifika hadi kwenye nguzo ya taa iliyo karibu na kanisa. Msomaji alisoma haraka, kama dobi anayehesabu nguo za watu. Alisema Bentsil wa Ghana ameshinda, katika mbio za yadi mia mbili na ishirini, kisha akataja lile neno ambalo Mwalimu Hagan alitufundisha tangu darasa la nne kwamba ni joto. Na mbele yake akaweka hesabu: la nne. Muda wako, sekunde ishirini na mbili. Kisha akawataja watano waliokuwa nyuma yako pamoja na nchi zao, akaenda kwa waogeleaji.

Nilikuwa na nafasi ya kupumua mara moja tu, kwa sababu watu wote walikuwa wananitazama mdomo. Nikasema kwa lugha yetu kwamba Ekow ameshinda joto la nne.

Kelele zilizotokea sijawahi kuzisikia, hata usiku wa uhuru mwaka jana. Bwana Dontoh alizima redio ili kuokoa betri, akaona ni wajibu wake kufafanua. Alisema huko Ulaya joto hupimwa kwa kioo na kupangwa kwa madaraja, naye ameona maandishi hayo kwenye makopo ya dawa, na kwamba daraja la nne lazima liwe lile ambalo binadamu wa kawaida hawezi kulivumilia. Mtu mmoja kutoka nyuma akauliza nani basi ameshinda joto la tatu. Akajibiwa kwamba la tatu ni la watoto. Nana alisema yeye hashangai hata kidogo, kwani alishamwona padri mmoja wa kizungu akizimia mazishini saa nne asubuhi, na kama waliwakimbiza watu wale kwenye jua kali pamoja na kijana aliyelelewa katika jua la Amisakrom, basi waliyataka wenyewe.

Tulipofika nyumbani alishusha kile chungu kidogo kutoka darini, akalowesha udongo mweupe, akajipaka shingoni na kwenye mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, kama anavyopakwa mtu aliyeshinda. Akakaa mlangoni. Watu walikuja kumpongeza mmoja mmoja, naye alimjibu kila mmoja kwa jina la baba yake. Hakuuosha udongo ule. Aliuacha udondoke wenyewe, ndivyo inavyotakiwa, na hata leo upo kidogo kwenye mkunjo wa kiwiko cha kulia.

Kesho yake Maame Tsetsewa alipita akiuza kenkei ya joto la nne. Watoto wakawa wanakimbizana kwa jina hilo. Pacha wa mbuzi wako wakaitwa Joto na Nne, Nne ndiye mwenye doa usoni.

Mimi nami nilifurahi, sitaficha. Nilikwenda peke yangu kwenye barabara ya shule, pale kwenye jiwe jeupe tulipokuwa tunaanzia, nikasimama na kusema jedwali la saba kwa mwendo uleule niliokuwa nikikupimia. Unakumbuka kwamba siku zako nzuri ulikuwa ukilifikia jiwe la pili, yadi zilezile mia mbili na ishirini, nikisema saba mara kumi na mbili. Sasa nikalinganisha na sekunde za redio kwa saa ya Bwana Dontoh. Ulikuwa umeshuka hadi saba mara kumi na moja. Nilikaa juu ya jiwe, nikaona fahari ambayo haikuhitaji umati.

Alhamisi ilinyesha, na waliokuja hawakuzidi ishirini. Msomaji alisema kuwa Bentsil wa Ghana alikuwa wa tano na hakuendelea. Kila neno nililielewa, lakini yote kwa pamoja sikuyaelewa. Mtu aliyekwisha kushinda anaendelea kwenda wapi? Watu wakaniuliza, na wa kwetu je? Nikawaambia habari za bondia wetu aliyepigana raundi zote tatu na kushindwa kwa pointi chache. Nikawaambia habari za mrukaji wetu aliyeruka juu kupita kichwa cha mtu mrefu aliyevaa kofia. Wakasema, na Ekow? Nikasema Ekow leo amekimbia tena. Hilo lilikuwa kweli. Bwana Dontoh akawaeleza kwamba bila shaka ameombwa arudie, kwa ajili ya wale ambao Jumanne hawakupata nafasi ya kuona. Wakaridhika, wakaenda zao na miavuli yao ya majani.

Ijumaa, baada ya masomo, niliomba ruhusa nikafungua kamusi kubwa iliyo ofisini. Neno lile, heat, lina maana sita. Tano za kwanza ni za moto, jua na hasira. Ya sita imeandikwa kwa herufi ndogo kabisa: ni mbio ya mwanzo, moja kati ya kadhaa, ya kuwachuja wakimbiaji kabla ya mbio yenyewe. Niliisoma mara tatu nikiwa nimeweka kidole. Jumanne ulikuwa umeshinda mchujo, ule wa nne kwa hesabu. Alhamisi ukabaki kwenye chekeche.

Hakukuwa na joto lolote, kaka. Ni mimi niliyelitia.

Niliamua kwenda kusema. Naomba uliamini hilo. Jumamosi asubuhi nilivaa gauni langu la kanisani ili nisionekane nacheza, nikaenda mpaka kituo cha kikosi chetu. Lakini wakubwa wa Kikosi cha Pili walikuwa wamekwisha kukutana, na kamanda alikuwa amekwisha kuagiza bendera mpya ya sikukuu ya kusafisha njia, itakayotolewa Jumamosi ya tarehe 30 mwezi huu, nawe ukiwa umerudi na wenzako ucheze chini yake. Waliponiona walisema, tazama, shahidi amejileta mwenyewe.

Unajua Egya Aboum hachukui mkasi mpaka apate shahidi aliyeona au kusikia. Alinikalisha kwenye kigoda na kunikumbusha sababu, ingawa hakuna mtoto wa Kikosi cha Pili asiyeijua. Kabla sijazaliwa, Kikosi cha Kwanza walitoa bendera yenye samaki mkubwa kuliko mtumbwi, wakasema wamemvua. Baadaye ikajulikana kwamba alinunuliwa sokoni Mankessim. Mpaka leo, wakipita na ngoma zao, sisi tunawauliza bei ya samaki. Egya Aboum alisema amewacheka kwa miaka ishirini, na hana nia ya kuwapa miaka ishirini yao. Kisha akauliza kama redio ilisema kwamba alishinda. Nikasema ndiyo. Je, ni Ekow Bentsil wetu? Nikasema ndiye. Je, ilitaja joto la nne? Nikasema ilitaja.

Majibu yote matatu yalikuwa ya kweli, na nilikuwa najua ninachofanya. Ndiyo maana sikuweza kula samaki wa Nana siku ile, na akanipa dawa ya minyoo.

Nitaje pia insha. Mwalimu Hagan alitutaka tuandike juu ya timu yetu ilivyofanya, na niliandika yale ninayoyaamini mpaka sasa. Niliandika kwamba hatukuleta nishani, lakini kwamba nchi yetu ina umri wa mwaka mmoja na miezi minne, na mtoto wa umri huo kwa kawaida ndio kwanza ameanza kutembea bila kushika ukuta, ilhali sisi tulikimbia, tuliruka na kupigana raundi zote tatu. Niliandika kwamba wale wa kupokezana kijiti hawakukidondosha hata mara moja. Alinipa kumi na saba kwa ishirini. Pembeni akaandika kwa wino mwekundu: Na Bwana Bentsil wa mji huu je? Mbona umemruka?

Sasa nimefika Jumamosi ya juzi, siku ya kadi yako. Kwa kuwa uliandika mistari minne tu, nitairudia ili ujue nimeisoma sawasawa. Uliandika kwamba umetolewa Alhamisi. Uliandika nisimwambie mtu. Uliandika kwamba huna uso wa kuja nao, na kwamba huenda usipande meli pamoja na wenzako tarehe kumi na nne, kwani kuna mtu amekutafutia kazi kwenye bohari. Na uliandika nimsalimie Nana.

Nilikuwa bado nimeishika kadi mkononi wakati Egya Aboum aliponiita nikaone kazi. Bendera ilikuwa imetandikwa juu ya kitanda chake, na yeye amekaa chini ili isikunjike. Kaka, ni nzuri. Kitambaa ni cha njano. Wewe umeshonwa kwa kitambaa cheusi kizuri, miguu yote miwili haigusi chini, na kifuani una nyota. Nyuma yako wapo watu watano wa rangi mbalimbali, midomo wazi, mmoja amekamata kofia. Jumanne ile nyumbani kwetu nilikuwa nimetaja idadi yao, nikaisahau, lakini yeye hakusahau. Na juu yenu wote lipo jua jekundu, kubwa kuliko kichwa chako, lenye miale minne minene. Aliniambia kwamba jua lilimpa shida kuliko chochote, kwa sababu hajawahi kushona joto.

Nililitazama jua lile, nikaona ni kosa langu limekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa uzi. Nikasema limependeza. Nikaenda nyumbani nikalala bila kuvua viatu.

Hapa ndipo pale ambapo ningependa papite bila kuandikwa. Umenikataza kumwambia mtu, nami sijakutii. Jana baada ya ibada nilirudi kwa Egya Aboum, nikasimama mlangoni kwa sababu sikustahili kigoda, nikamweleza lote: neno lile, kamusi, maana ya sita, Alhamisi, na kwamba nilijua siku ile aliponiuliza. Nikamwambia pia kwamba hutaki kurudi. Sikulia mpaka nilipofika hapo.

Alichomoa uzi kwenye ukucha wake. Nilitegemea aniite mwongo, jina ambalo ningelipokea. Badala yake aliniuliza maswali, kama fundi anayekagua mshono. Je, Jumanne kulikuwa na watu watano nyuma ya Ekow? Nikasema walikuwa watano, msomaji aliwataja. Alikuwa mbele yao kweli, au walimpisha? Nikasema mbele kweli. Nyota ilikuwa kifuani? Nikasema ndiyo, fulana zao zote zina nyota. Je, bendera hii inasema mahali popote kwamba amepewa nishani? Nikaitazama. Nikasema haisemi. Akasema basi mtu yule hatamfumua, maana amesimama pale alipokuwa. Aliyebaki ni jua. Jua analiweza kulifumua kwa mchana mmoja na kuweka wingu mahali pake, kitambaa cha kijivu anacho, lakini hataligusa kwa kubahatisha tena, na safari hii anataka shahidi aliyekuwepo. Kuhusu mimi alisema kwamba nitamshonea pindo zote nne kwa mkono, mishono midogo, na kwamba mbele ya kamanda nitasema mwenyewe. Akaongeza kuwa nikijiona nimekosea neno lingine lolote, na liwe la Kigiriki, nimwambie siku hiyohiyo.

Kutoka kwake nilikwenda moja kwa moja kwa Nana, kabla miguu haijabadili mawazo. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nilimweleza, naye hakuacha kuchambua. Nilipomaliza aliniuliza, hao waliokuja nyuma ya Ekow Jumanne walikuwa watu au mbuzi? Nikasema watu, Nana. Wana miguu mizima? Nikasema mizima. Wametoka nchi ngapi? Nikasema tano. Akasema basi udongo wake mweupe aliupaka kwa haki, na hakuna wa kumwogesha.

Halafu akaniuliza kwa nini nilikaa siku tisa na jambo hili tumboni. Nikasema niliogopa kumwaibisha. Akaniambia kwamba yeye amezika mume na watoto wawili, kwa hiyo aibu ya mjukuu kuwa wa tano duniani haitamkosesha usingizi, ila mjukuu kukaa ughaibuni akibeba magunia ya watu kwa sababu ya aibu hiyo, hilo linaweza. Nikamwambia wewe hukuwa wa tano duniani, ni wa tano katika mchujo wa pili. Akasema nimwache ahesabu anavyotaka.

Alinituma nikuandikie maneno yake jinsi alivyoyasema, nami nayaandika. Anasema: magunia yapo hata Takoradi. Anasema: kama huna uso, uje na mgongo, yeye ataukumbatia huohuo. Anasema pia Nne, yule mwana-mbuzi mwenye doa, hanyonyi vizuri, na mwenye mbuzi anatakiwa aje amtazame.

Hilo ndilo jibu la kadi yako, lakini nina langu pia. Mimi ndiye niliyekupimia kwenye barabara ya shule kwa miaka mitatu. Nilikuwepo ulipokuwa saba mara kumi na tano, ukatapika kwenye nyasi na kusema basi, huendelei. Hakuna mtu wa kikosi, wala wa redio, anayejua kama mimi umetoka wapi kufika mara kumi na moja. Mwanzoni niliogopa kwamba mji utakapojua ukweli utakuona mdogo. Lakini tangu jana nimewaambia wawili, na wote wawili walichouliza ni watu wangapi walikuwa nyuma yako. Nadhani na wengine watauliza hivyohivyo. Maame Tsetsewa atauliza vingine, na Nana amekwisha kumwandalia majibu. Nimemsikia akiyajaribu jikoni.

Pole kwa kukutia kwenye joto ambalo halikuwepo. Nisamehe pia kwa kutotii kadi. Ningeitii, ungeshuka melini ukikuta mji mzima unakusubiri kwa jambo ambalo hukulifanya, au usingeshuka kabisa, na bendera ingetoka bila wewe na bila ukweli.

Barua hii naipeleka kwa lori la saa nane ili iwahi posta ya Saltpond, na Bwana Dontoh amenipa stempu ya ndege kwa sharti kwamba nimweleze maana ya sita yeye kwanza, kabla ya watu. Nimemweleza. Amesema alikuwa na wasiwasi tangu mwanzo, jambo ambalo si kweli, lakini nimemwachia. Ukijibu siku utakayoipata, jibu litafika kabla ya tarehe ishirini, na Egya Aboum atakuwa na muda wa kutosha kwa kitambaa cha kijivu kama kitahitajika.

Nana anakusalimu kwa jina la babu yako. Egya Aboum anakusalimu na anauliza upana wa mabega yako, kwa kuwa amekisia. Mbuzi wote watatu ni wazima, Nne kwa kiasi. Wasalimie wenzako wa timu, hasa wale wa kijiti, na waambie kwamba niliwaandika vizuri. Uwe na afya, uvae nguo nzito, na tarehe kumi na nne uwe melini.

Ni mimi mdogo wako akungojaye,
Araba Kwansima.

Mwalimu Hagan hutuambia kwamba swali linalotaka jibu lisichanganywe na salamu, kwa hiyo nimeliacha hapa chini ya jina langu, ulione peke yake. Kaka, Jumanne ile, ulipowaacha wale watano nyuma, kulikuwa na jua?